Neno Alilolingoja Solfrid

Wifi yangu Solfrid si mtu wa maneno mengi, na mimi, kila mtu hapa Skarvnes, kaskazini mwa Norwei, anajua, ninayo ya kututosha sote wawili. Ndiyo maana nasimulia mimi. Tena nimechoka kuwasikia watu dukani wakisema eti alijitia Usami ili apate cheo. Cheo! Mwanamke aliyesimama miaka yote mbele ya meza ya kukatia samaki kiwandani, buti za mpira mpaka magotini, vidole vimekufa ganzi kwa barafu hata akijikata hajui mpaka aone damu kwenye minofu. Huyo ndiye wa kutafuta cheo?

Ameolewa na kaka yangu Edvin, mume wa kwenye cheti, maana yuko baharini na meli ya uvuvi karibu mwaka mzima. Kwa hiyo tulioishi kama mke na mume ni mimi na yeye. Mimi nagomba, yeye anamenya viazi. Ukimwuliza kitu leo, atakujibu kesho, na jibu lenyewe litakuwa "mm".

Baba yake, mzee Hilmar, alikaa kwenye nyumba ya manjano juu ya gati, nyumba yenye mlingoti mrefu kuliko yote kijijini. Siku ya taifa bendera yake ilikuwa juu kabla kasisi hajaamka. Alikuwa na sentensi moja aliyoirudia bila kuulizwa: "Sisi ni Wanorwei, basi." Ukimtajia Wasami, wenyeji wa asili wa huku kaskazini, anatoka nje kwenda kupasua kuni, na kuni zenyewe zimeshapasuliwa.

Sasa mama yangu, Inga-Beret, alikulia nyumba ya pili kutoka kwa akina Hilmar. Mama ni mlokole, hasemi uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Yeye alituambia: "Hilmar? Alipoingia shule ya bweni hakuwa na neno hata moja la Kinorwei. Kwao hawakuwa nalo. Siku ya kwanza alibanwa na haja, hakujua kuomba ruhusa, Kisami kimekatazwa, akajikojolea palepale mbele ya darasa. Mwalimu akacheka, na sisi tukacheka. Toka siku hiyo sikumsikia tena akisema Kisami nje ya mlango wa kwao." Alipooa alifanya hivyohivyo. Yeye na marehemu mkewe walisema Kisami mlango umefungwa, na kwa Solfrid walitoa Kinorwei tu, kikavu, cha kitabuni. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Lakini wahenga hawakusimama mbele ya darasa suruali imelowa, na mimi simlaumu mtoto wa miaka saba.

Mwaka wa themanini na nane katiba ya nchi ikaongezewa ibara. Ilisema ni wajibu wa serikali kuwawezesha Wasami kulinda na kukuza lugha yao, utamaduni wao na maisha yao. Tuliisikia redioni, kiwandani, saa ya kazi. Oddleif, msimamizi wetu, mtu wa utani usiochekesha, akazima mashine ya ukanda akapaza sauti: "Haya, Wasami wote nyoosheni mikono, mmeingia kwenye katiba!" Nusu ya waliokuwa mle ndani tulikuwa na bibi aliyelala na kuamka kwa Kisami. Hakuna aliyenyoosha. Wote tuliinama tukatazama samaki, na mimi pia, mdomo wangu huu mkubwa nikaufunga.

Mwaka uliofuata likaja Bunge la Wasami. Ili upige kura ilibidi jina lako liingie kwenye daftari la wapigakura, na ili liingie ilibidi utamke na kutia saini kwamba wewe mwenyewe unajiona Msami, na kwamba wewe, au mzazi wako, au babu au bibi yako, alitumia Kisami nyumbani. Solfrid alikuja jikoni kwa mama, akakaa mezani, kahawa ikapoa. Kisha akauliza: "Mama, ni kweli kabisa? Baba?"

"Kweli kabisa, mwanangu."

"Mm," akasema, akatia saini. Mimi sikutia siku ile. Nilimwambia nasubiri nione wewe utakavyoliwa kwanza. Akacheka kidogo.

Daftari liliwekwa wazi kwenye ofisi ya halmashauri, watu walikague. Loo! Watu ambao hawajawahi kuikanyaga ofisi ile wakajaa kama kuna maziko. Kabla Solfrid hajafika kwa baba yake kumweleza, baba yake alikuwa ameshaambiwa dukani, mbele ya sanduku la vitunguu. Alimpokea bintiye mlangoni, amesimama.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akamwambia. "Mara ya pili hii."

Hakumweleza mara ya kwanza ni ipi. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwake kwa Kinorwei. Mama yangu naye akapigwa marufuku kukanyaga pale, kwa kuwa meza ya saini ilikuwa yake. Solfrid aliendelea kwenda kila Jumapili na sufuria ya samaki wa kuchemsha na maini yake. Mzee anakula, anatazama dirishani. Solfrid anaosha sahani, anarudi.

"Mwache huyo mzee afe na bendera yake," nilimwambia, nimekasirika. "Unajidhalilisha."

Akanijibu papo hapo, jambo la ajabu kwake. "Wifi, sitaki aniambie nimefanya vizuri. Nataka aseme kwa mdomo wake kwamba ndivyo tulivyo. Mara moja tu. Halafu anyamaze mpaka kufa, akitaka."

Hicho ndicho alichokitaka. Ubunge ulikuja wenyewe, kwa sababu watu waliojiandikisha kwenye fiodi zetu, hizi ghuba nyembamba za bahari, walikuwa wachache, na walipotafuta wa kusimama, kila mmoja alikuwa na mgongo unaouma au ng'ombe anayezaa. Shida zilikuwapo. Meli kubwa za watu wa mbali zilikuwa zinaingia zinachota samaki mlangoni petu, na mwenye mashua ndogo anaambiwa asubiri. Mtu alihitajika wa kwenda kuyasema hayo mahali ambapo yanaandikwa. Solfrid akasema "mm", wakachukulia kwamba amekubali.

Kiwandani ndipo walipomla mzima. "Mheshimiwa," Oddleif anamwita, "utahutubia Kisami, au utakonyeza?" Kweli hakukijua. Akaanza darasa la jioni shuleni, kwa mwalimu kijana aliyetoka Kautokeino, mji wa Wasami wa bara. Neno la kwanza kabisa la ukurasa wa kwanza lilikuwa giella, yaani lugha. Alilisema mezani huku anakata samaki, midomo inacheza kama ya mtu anayesali. Mimi nikamtania: "Mwombee na kaka yangu arudi na fedha." Akanipiga na mkia wa samaki.

Kiangazi kile mzee Hilmar akapigwa na kiharusi. Nusu ya mwili ikalala. Na Kinorwei chake chote, kile cha miaka sitini, kilichokuwa kinang'arishwa kama viatu vya Jumapili, kikaondoka. Alipoamka kwenye nyumba ya wazee alikuwa na Kisami peke yake.

Wauguzi walikuwa mabinti wa kusini. Mmoja akatuambia kwa huruma: "Bahati mbaya, anatoa sauti tu, hazina maana."

"Ni Kisami hicho," nikasema.

Akafungua karatasi zake. "Hapa imeandikwa Mnorwei."

"Basi msomee hicho kikaratasi chako kimjibu!" Nilifoka mpaka wazee wa korido nzima wakageuka. Solfrid hakufoka. Alisimama miguuni pa kitanda na koti lake, anamsikiliza baba yake akimwaga maneno, mengi, ya haraka, maneno yaliyofungiwa chumbani muda wote wa utoto wake. Sasa mlango uko wazi, na yeye hashiki hata robo. Uso wake haukuonyesha kitu. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi kama tumetoka kazini.

Jumapili moja alikwenda peke yake. Aliporudi alikaa jikoni kwangu bila kuvua kofia.

"Amenishika mkono wa sweta," akasema. "Machozi yanamtoka. Anasema giella. Mara nyingi. Giella, giella. Mengine sikuyapata, lakini hilo nimelipata. Ananiomba lugha, wifi. Anasema lugha."

Jamani, nililia. Yeye hakulia. Alisema anahisi kama mtu aliyepewa kitu kizito na mikono yake haijajua bado kwamba imeshika.

Wiki ile kulikuwa na mkutano wa kampeni kwenye ukumbi wa vijana. Watu walijaa, wengi wao wa kuja kucheka, na wazee wa kijiji kwenye benchi la nyuma na vikombe vyao vya kahawa. Solfrid alisoma habari za samaki kwenye karatasi, kwa sauti ya kuchosha. Halafu akaiweka chini. Akasema baba yake, ambaye kila mtu anamjua alivyokuwa, amemshika mkono na kumwomba lugha. Akasema: "Katiba imetaja lugha yetu. Na baba yangu ameitaja. Mimi sina hotuba nyingine." Hata Oddleif alitazama viatu vyake.

Mama yangu aliguswa. Asubuhi yake akavaa kilemba cha kanisani akaniambia: "Nipeleke kwa Hilmar. Kama anaomba lugha, mimi ninayo. Marufuku yake haifiki mpaka kitandani."

Nikampeleka. Mama alikaa karibu na mto, akasema neno moja, na yule mzee akageuka kama aliyeitwa kutoka nje. Wakazungumza. Mimi nina Kisami cha jikoni tu, njoo, kula, funga mlango, sikufuata. Lakini sikuwahi kumwona mama yangu akizungumza hivyo, anakatiza, anacheka, anampiga kibao cha mkono. Tukaingia kwenye gari, na tulipopita kanisa mama akanigeukia.

"Haombi lugha," akasema.

"Eti?"

"Anatafuta vitanzi vyake vya kware. Vile vya waya, vya kutega kwenye mierebi wakati wa theluji. Anasema amevitega juu kule, siku zimepita hajaenda kuvikagua, ndege wamenaswa na kunguru watawamaliza. Anamwomba kila anayeingia amfungulie mlango akavikague. Ni giella hivyo."

"Mama, giella ni lugha."

"Na kitanzi pia. Neno ni lilelile. Kware unamnasa kwa giella, na mtu unasema naye kwa giella. Hamkujua?"

Nikasimamisha gari. Nikamsihi asimwambie Solfrid, angalau uchaguzi upite. Nilimwambia sote tumeshalia ukumbini, kuna faida gani? Akanitazama kwa macho yale ya ulokole. "Uongo wa kunyamaza nao ni uongo," akasema. Nilimchukia kidogo.

Solfrid alikuwa anamenya viazi. Mama akamweleza yote, hakupunguza. Kisu hakikusimama.

"Vitanzi," akasema Solfrid.

"Vitanzi, mwanangu. Mwalimu wako hakukwambia?"

"Hatujafika ukurasa huo."

Akamaliza viazi. Nilingoja apasue sahani, atukane, amfukuze mama. Aliweka sufuria jikoni, akapunguza moto, akasema chumvi imekwisha.

Mkutano wa mwisho ulikuwa kabla tu ya kupiga kura, ukumbi uleule. Mimi nilikaa mbele kabisa, na sikujua atasema nini. Akapanda. Hakuwa na karatasi.

"Mara ile niliwaambia baba yangu anasema giella," akaanza. "Nilikosea. Hakuwa anasema giella. Alikuwa anasema giella."

Na kabla hajaeleza, kabla hajafungua tena mdomo, benchi la nyuma likaangua kicheko. Wale wazee! Kicheko cha tumboni, cha watu waliotega kware, mmoja kahawa imempalia, mwingine anapiga goti. Watu wengine waliwageukia wameduwaa, hawaelewi kinachochekesha. Ndipo na wao walipoona kwamba wanaocheka ni wao peke yao. Kikakatika ghafla. Baba yake Oddleif alikuwa katikati yao, mdomo bado wazi, yule aliyekuwa akiapa kanisani kwamba kwao hakujapita hata paka wa Kisami. Alijifuta macho akatazama dari. Oddleif alimtazama baba yake muda mrefu, na siku zilizofuata kiwandani hakutania mtu.

Solfrid akaeleza habari ya vitanzi kwa ufupi, akashuka. Daftari lilikuwa limeshafungwa zamani, kwa hiyo kicheko chote kile hakikumpa kura hata moja. Lakini alipata za fiodi nyingine, za watu ambao hata hawakuwa ukumbini, akawa mmoja wa wajumbe watatu wa upande wetu. Habari ililetwa kwa simu. Alisema "mm, ahsanteni," akaniuliza kama tuna zamu kesho. Nikamwambia, "Ebo! Angalau ruka, mwanamke!" Akanitazama kama nimemwomba aruke kwa Kichina.

Jumapili tukaenda watatu kwa mzee Hilmar. Nadhani Solfrid alikuwa bado na tumaini, maana alivaa sweta jipya na njiani alisafisha koo mara nyingi. Mzee alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na dirisha, amepungua, shati limemvaa yeye. Solfrid akapiga magoti mbele yake, akamshika ule mkono wenye uhai. Alianza kwa Kisami chake cha darasani, polepole, kila neno limesimama peke yake. Mzee akakunja uso. Solfrid akakwama, akamgeukia mama yangu akasema kwa Kinorwei:

"Mama, nisemee wewe. Mwambie wamenichagua. Mwambie kuna Bunge letu, na mfalme atakuja kulifungua. Mwambie hakuna wa kutucheka tena. Na mwambie mimi sina kinyongo."

Mama akamwambia yote. Aliyasema vizuri, naapa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mzee Hilmar alisikiliza, kichwa kimeinama upande. Kisha akamtazama Solfrid usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mlangoni, akamtazama sana. Akasema kitu, kirefu kidogo, kwa adabu.

Mama yangu akafungua mkoba wake, akaufunga.

"Amesema nini?" akauliza Solfrid.

"Mwanangu..."

"Nitafsirie, Mama. Usinionee huruma."

Na mama yangu hasemi uongo. Mara moja tu maishani nilimwomba Mungu amfundishe, ilikuwa pale, na hakumfundisha.

"Anasema ni habari njema," akasema mama. "Halafu anauliza huyu mama Mnorwei ni nani. Anasema huja kila Jumapili, ni mwema, humletea samaki, ila anaona haya, haelewi anachoambiwa. Anauliza kama kwao hawamtafuti."

Nje kulikuwa na mtu anakata majani na mashine. Solfrid hakuuachia ule mkono. Alitazama kucha za baba yake, zilikuwa zimerefuka, akatoa mkasi mdogo mfukoni na kuanza kuzikata moja baada ya nyingine, taratibu, kama anavyokata kila kitu.

"Mwambie mimi ni nesi," akasema.

Mama akaufungua tena mkoba wake, akaufunga. Hakumwambia.